Tanki la Lita Ishirini na Tano

Mtu akitaka tanki la mafuta la lita ishirini na tano kwenye mashua ya tanga, swali la kwanza ni anaenda wapi. Nilimuuliza Githongo hivyo hivyo, nikiwa nimesimama mlangoni pa kibanda changu pale Kitengela na mikono imejaa grisi. Akanijibu kwamba anaenda ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ilikuwa ukingo wa pili wa bwawa lake, mahali ambapo ukimwita mtu bila kupaza sauti sana anakuitikia. Kainjini ka mashua yake kalivuka bwawa zima kwa dakika tatu. Tanki lililokuja nako, la lita kumi na mbili, lingetosha kumpeleka na kumrudisha tangu asubuhi hadi jioni, na mafuta mengine yabaki ya jenereta.

Lakini utamweleza nini mtu aliyetajirika kwa kuuza ploti? Githongo alikuwa amenunua ekari arobaini nje ya Bisil, bwawa likiwa katikati, akazikatakata vipande na kusimamisha bango kando ya barabara ya Namanga: Lake View Gardens, Phase One. Nilipoiangalia ramani yake niliona kwamba Phase Two itabidi ijengwe na samaki. Bango halikuvuta watu wa kutosha, kwa hiyo akaenda Naivasha, kwenye klabu moja iliyokuwa ikiuza vitu vyake vikuukuu, akanunua mashua. Ililetwa juu ya lori, mlingoti umechomoza nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye ncha, na Kitengela nzima ikatoka madukani kuitazama.

Ilikuwa mashua nzuri, sitasema uongo. Urefu wa hatua tano, ubavu mwembamba, imetengenezwa na mtu aliyeuheshimu upepo. Na pale Bisil upepo tunao. Kila siku adhuhuri unatoka mashariki, unapiga hadi jua linapozama, na haulipiwi. Githongo alilivua lile tanga siku ya kwanza akalifanya hema la kuwakinga wateja na jua. Aliniambia tanga linachelewesha watu.

Mimi naitwa Gideon Parmuat. Siku hizi natengeneza jenereta na pampu za maji, lakini kabla ya hapo nilikaa Magadi miaka kumi na moja nikitunza injini za mashua ndogo zilizowapeleka wafanyakazi kwenye mitambo ziwani. Huko joto linakaanga akili, na ukikosea jambo dogo la mafuta unalijua kabla ya chakula cha mchana. Katika Kitengela yote hakukuwa na mtu mwingine wa kumfungia Githongo tanki lake. Yeye alilijua hilo, na lilimuudhi.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuichukua kazi. Mama yangu, Naisenya, ana ng'ombe thelathini na wanne, nao hunywa kwenye bwawa lile upande wa magharibi. Ndugu yake baba alipomuuzia Githongo ardhi, waliandikiana kwamba mifugo itaendelea kunywa, na Githongo hajawahi kulivunja neno hilo. Maji mengine ya karibu ni ya kisima cha Bisil, mwendo wa nusu siku kwa ng'ombe waliokonda, na ule ulikuwa mwezi wa ukame. Wangekosa bwawa, wangeanza kufa. Mama aliposikia habari za injini alinipigia simu mara tatu kwa siku moja.

"Mafuta hayo hayataingia kwenye maji?" akaniuliza kwa Kimaa.

"Yeyo, mama yangu, nikilifunga mimi hilo tanki, halitadondosha hata tone."

"Basi lifunge wewe," akasema, akakata simu.

Nikaenda Bisil na pikipiki yangu siku ya Alhamisi. Githongo alikuwa ukingoni na wazee wenzake watatu wa kanisani, wamekaa chini ya tanga kwenye viti vya plastiki, wakila nyama. Binti yake Muthoni, ndiye anayewatembeza wateja, alikuwa ndani ya mashua akifuta vumbi. Tanki jipya lilikuwa pale mchangani, jekundu, linang'aa, bado na karatasi ya dukani. Githongo aliniambia kwanza alitafuta la lita hamsini akalikosa.

"Mzee," nikamwambia, "hii ya zamani inakutosha. Na ukitaka kusave mafuta, rudisha tanga. Upepo ya hapa ni poa sana."

Akaipangusa midomo yake taratibu.

"Fundi, wewe ni mtu wa ng'ombe. Hii maneno ya maji tuachie sisi."

Wale wazee wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa mfupa. Sasa nisikilize vizuri. Huyu ni mtu ambaye maji ya kuoga nyumbani kwake Kitengela huletwa kwa lori la bowser kila Jumatano. Hajui kuogelea. Akipanda mashua, hushika mlingoti kwa mikono miwili huku mashua bado imefungwa ukingoni. Na ndiye alikuwa ananifundisha maji, mimi niliyekula chumvi ya Magadi miaka kumi na moja. Niliinama nikachukua spana, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kwa namna ambayo sijui kama niliwahi kukasirika tena tangu nizaliwe.

Tanki lenyewe, kama nilivyotarajia, lilikataa kuingia. Lile dogo lilikaa chini ya benchi la nyuma, limejificha kivulini. Hili lilizidi kimo kwa vidole vitatu.

"Kata hiyo benchi," Githongo akaniambia bila kuinuka kitini.

"Hiyo benchi ndio inashikilia mashua isifunguke, mzee. Nikikata, utakuwa na mbao mbili na injini."

"Kwani fundi wa ukweli anafanyaga aje?"

Fundi wa kweli alilisogeza tanki mbele, karibu na mguu wa mlingoti, ili uzito usiizamishe mashua kwa nyuma. Nikalitandikia kipande cha mpira lisiteleze, nikalifunga kwa mikanda miwili kwenye mbao, nikanunua paipu ndefu zaidi na kuipitisha ubavuni mahali ambapo mtu hataikanyaga. Pampu ya kubinya kwa mkono, ile inayovuta mafuta kwenye tanki, nikaiweka karibu na injini, mshale wake ukielekea injini, maana nimeona watu wazima wakiifunga kinyume wakabinya hadi wakalia. Kila kiungo nilikipaka sabuni nikatazama kama kinatoa povu. Hakuna kilichotoa. Ilikuwa kazi safi kuliko walivyostahili.

Ila kuna mambo matatu ambayo fundi humwambia mwenye tanki kabla ya kuondoka. Usilijaze hadi mdomoni, kwa sababu petroli ikipata joto hupanuka na inataka nafasi. Skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko ifungue injini inapofanya kazi, la sivyo tanki linakosa pumzi na injini inazima. Na ukimaliza safari, chomoa paipu. Ukiiacha imeunganishwa, skrubu imefungwa na tanki likiwa juani, joto linaisukuma petroli kupitia paipu hadi kwenye injini, na kutoka kwenye injini inajitafutia njia yake. Mambo matatu. Hayamalizi dakika mbili kuyasema. Magadi tulimwambia hata mfagizi.

Muthoni alikuja nilipokuwa nakusanya vifaa. Ni msichana mwenye adabu, sijui aliitoa wapi.

"Fundi, kuna kitu ingine tunafaa kujua? Mimi ndio nitakuwa naendesha."

Nikawatazama wale wazee chini ya tanga. Githongo alikuwa akiwaonyesha kwa mikono ukubwa wa tanki lake.

"Hakuna," nikamjibu. "Washa tu, itaenda. Si baba yako anajua maji?"

Alitabasamu kidogo, kama mtu asiyejua kama ametukanwa. Nami nikapiga pikipiki teke nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nacheka ndani ya helmeti. Nilijua watakachofanya. Wangefunga ile skrubu kwa sababu ya harufu, kila mtu huifunga, kisha siku moja wangeingia katikati ya bwawa na wateja waliovaa suti, na injini ingekohoa mara mbili na kunyamaza. Githongo angekuwa ameshika mlingoti kwa mikono miwili, lita ishirini na tano mbele yake na hawezi kwenda popote. Kisha angenipigia simu. Nilikuwa nimeshaamua nitaipokea mara ya ngapi.

Jumamosi kulikuwa na uzinduzi, na nilihudhuria. Nilijiambia ninaenda kuwasalimia ng'ombe wa mama. Mchungaji aliombea mashua, akaombea injini, akaombea tanki kwa jina, lita zake zote. Wateja kumi na wawili wakazungushwa bwawani wanne wanne. Skrubu ilikuwa wazi, kama nilivyoiacha, kwa hiyo hakuna kilichozima. Nilisikia uchungu, nakwambia ukweli. Githongo alisimama ukingoni akiwaeleza watu kwamba kwa tanki lile mtu anaweza kufika Mwanza.

Mwishoni mama mmoja aliyevaa kofia alilalamika kwamba petroli inamnukia. Muthoni akarudi kwenye mashua na kuikaza ile skrubu kwa vidole vyake, vizuri kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba. Kisha baba yake akaleta mtungi, akalijaza tanki hadi mdomoni, petroli ikamwagika kidogo kwenye kifuniko, akaipangusa kwa leso. Alitaka liwe tayari kwa wateja wa Jumapili. Paipu iliachwa ilipokuwa. Mashua ikafungwa kwenye kigingi, na tanki, ambalo zamani lingekuwa chini ya benchi kivulini, likabaki wazi juani mbele ya mlingoti, mahali nilipoliweka mimi.

Niliyaona hayo yote nikiwa umbali wa hatua kumi, nikitafuna mfupa wa bure. Kwa Mungu, wazo langu lilikuwa moja tu, kwamba kesho injini itawazimikia. La pili, la paipu na jua, sikulifikiria. Mimi mwenye miaka kumi na moja ya ufundi, jambo la kwanza nililofundishwa kazini, sikulifikiria kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kucheka. Nikapanda pikipiki nikarudi Kitengela.

Wateja wa Jumapili hawakuja. Jumatatu pia hakuna aliyekuja. Jua la Bisil mwezi ule lilikuwa linapasua ndoo za plastiki.

Jumanne saa mbili asubuhi mama alinipigia.

"Njoo," akasema. Nilipomuuliza kuna nini, alikuwa ameshakata.

Nilipofika, harufu ilinipokea kabla sijaliona bwawa. Injini za aina ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na petroli ikiruka hewani oili inabaki. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi, mwembamba, mzuri hata kuutazama, na upepo wa kila adhuhuri, ule wa bure, ulikuwa umeusukuma wote upande wa magharibi. Ng'ombe walikuwa wamesimama mbali na maji, vichwa chini, wakilia. Mtamba mmoja mweupe mwenye madoa, aliyekuwa azae mwezi uliofuata, alikuwa amelala ukingoni akiwa amekufa. Wengine wawili walikuwa wanakohoa.

Nilitarajia kumkuta Githongo hayupo. Nilikuwa hata nimetayarisha maneno njiani, na yalikuwa makali. Nikamkuta ameshafika kabla yangu. Suruali yake nzuri ilikuwa imelowa hadi magotini na viatu alikuwa amevitupa. Bowser lake la Jumatano alikuwa amelileta Bisil asubuhi ile, pamoja na mapipa yaliyokatwa katikati, na yeye na Muthoni walikuwa wakibeba maji kwa ndoo, wakiwapa ng'ombe. Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu. Daktari wa mifugo alikuwa na wale wawili wanaokohoa. Mama alikuwa amesimama kando ya mtamba wake, shuka limefunika mabega.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia, nikainamisha kichwa.

"Iko," akajibu. Mkono wake, ambao siku zote hunigusa kichwani tukiamkiana, haukunigusa.

Githongo aliweka ndoo chini.

"Fundi, afadhali umekuja. Tumekosea wapi? Niambie tu. Mimi sijui hii vitu."

Nenda ukamtukane mtu kama huyo. Nilienda kwenye mashua. Tanki lilikuwa limevimba tumbo, na ndani hakukuwa na zaidi ya lita tano. Skrubu imekazwa. Paipu imeunganishwa. Chini ya injini ubao ulikuwa mweusi kwa oili, na alama ya matone ilishuka hadi mahali ambapo maji yalikuwa yanafika. Mikanda yangu ilikuwa imeshika vizuri. Viungo vyangu havikuvuja hata kimoja. Niliwaeleza kilichotokea kwa sentensi mbili, nikiwa nimewapa mgongo.

"Ni mimi nilifunga hiyo skrubu," Muthoni akasema. "Nilidhani ndio iko salama. Fundi, si nilikuuliza?"

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeogopa kwamba amesahau jibu alilopewa.

"Alikuuliza nini?" Githongo akasema.

"Aliniuliza kama kuna kitu ingine wanafaa kujua."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia hakuna."

Githongo akanitazama. Uso wake ulikuwa umechoka, wa mzee wa kawaida tu aliyeamka mapema.

"Kwa nini?"

Kwa siku tano nilikuwa na jibu hilo kifuani na lilikuwa kubwa, lilinijaza. Nilipolitoa nje, mbele ya mtamba aliyekufa na ndama ndani yake, lilikuwa dogo hivi kwamba niliona aibu kulisikia kwa sauti yangu mwenyewe.

"Kwa sababu ulinicheka, mzee."

Daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na hakiendi mbali zaidi ya bei ya mbuzi, aliniuliza kwa Kimaa tumesema nini. Ningeweza kumpa hadithi nyingine. Nilimwambia yote, swali la Muthoni na jibu langu na sababu yake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaondoka, akapanda kwenye tuta la bwawa, akaenda hadi kule juu ambako maji huingilia na bado kuna majani mabichi. Tulimwona akiinama. Alirudi polepole akiwa ameshika nyasi kwa mikono yote miwili, akasimama mbele ya Githongo, akamnyooshea.

Githongo alizipokea. Alizigeuza, akazinusa.

"Hii haina mafuta," akasema, akinitazama. "Ama anataka tupeleke kwa lab? Anasema nini?"

Mama hakuondoka. Alibaki mbele yake na kichwa ameinamisha, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mbele ya mtu niliyemdharau tangu siku aliposimamisha bango lake.

"Fundi, mama anasema nini?"

"Kwetu mtu akikuletea nyasi," nikasema, "anakuomba msamaha."

"Msamaha ya nini? Si ni ng'ombe yake imekufa?"

"Anakuomba kwa ajili yangu."

Githongo alivua kofia. Alishika zile nyasi kifuani na hakujua afanye nini nazo, na Muthoni naye alikuwa analia waziwazi sasa.

"Mwambie hapana," akasema. "Mwambie ni mimi nilileta hii mashua hapa. Na tanki ni mimi nilitaka. Mwambie."

Nikamtafsiria mama. Akainua macho, akamtazama Githongo kwa upole, kisha akanigeukia mimi. Alisema maneno machache, akaniamuru niyarudishe kwa Kiswahili, kwa sauti, wote wasikie.

"Amesema nini?" Githongo akauliza.

"Amesema wewe hukujua," nikamwambia. "Amesema mimi nilijua, na nilimwahidi."